Barua ya wazi kwa maaskofu na wakuu wa vyuo vya Biblia: mpeni mchungaji saa, chumba na ufunguo

Baba Askofu, wakuu wa majimbo, makatibu wakuu, nanyi mnaoongoza seminari na vyuo vya Biblia hapa Tanzania,

Bwana Yesu asifiwe.

Ratiba ya mchungaji wa usharika mnaijua, maana ninyi ndio mnaoipanga. Jumapili ibada mbili au tatu, katikati ya wiki maombi, jumuiya, mazishi, baraza la wazee, kamati ya ujenzi, harambee, taarifa ya sadaka kwenda jimboni. Ushauri haumo. Unafanyika mlangoni watu wakitoka ibadani, sebuleni kwa mama mchungaji huku watoto wanaangalia katuni, au saa nne usiku kwa WhatsApp. Siku ndoa ikivunjika au binti akimeza sumu ya panya, kikao kinauliza mchungaji alikuwa wapi. Alikuwa kwenye kamati ya ujenzi.

Tunaoandika ni wachungaji na wakufunzi wa ushauri wa kichungaji. Hatuji kuwashtaki wenzetu. Makosa tutakayoyataja yanafanywa na watu wenye moyo mwema ambao wamesoma kuhubiri kwa mihula kadhaa na ushauri kwa muhula mmoja, tena wa kukariri. Tunawaandikia ninyi kwa sababu mengi ya makosa hayo hayaondolewi kwa semina ya siku mbili. Yanaondolewa kwa waraka wenye sahihi yenu.

Tuanze na linaloua. Mwanamke anakuja ofisini na kusema kuna "matatizo kidogo" nyumbani. Mchungaji aliyezoeshwa kwamba kazi yake ni kupatanisha anafanya anachokijua: anampigia mume simu, anawaketisha wote wawili mbele ya meza, anamtaka kila mmoja ataje kosa lake, anawasomea Waefeso 5, kisha anawaombea wakiwa wameshikana mikono. Kwa wanandoa wanaovutana juu ya ada ya shule au shamba la mkwe, utaratibu huo hauna ubaya. Penye kipigo ni mtego. Mke hawezi kusema kweli mbele ya mtu atakayerudi naye nyumbani. Akisema, atalipia usiku uleule. Asiposema, mchungaji anaamini mambo si mabaya sana, na mume anaondoka na baraka za kanisa mfukoni.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza tunayoiomba iandikwe: penye dalili ya kipigo au hofu, wanandoa wasikutanishwe. Mke asikilizwe peke yake, na mume asijulishwe kwamba mkewe alifika. Maswali yawe ya wazi, yaulizwe taratibu, moja baada ya jingine. Je, unamwogopa? Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Amewahi kukukaba koo? Nyumbani kuna panga au silaha aliyowahi kukutishia nayo? Amesema atakuua au atajiua? Ukirudi leo, itakuwaje?

Swali la kukabwa koo lisirukwe kwa aibu. Mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa baadaye, na mara nyingi shingoni haonekani hata alama. Sauti iliyokwaruza, maumivu akimeza, madoa mekundu kwenye macho, kizunguzungu: mwenye dalili hizo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anasema yuko salama, kwa sababu madhara ya koo na ubongo yanaweza kujitokeza baada ya saa au siku kadhaa. Na hatari haiishi anapoamua kuondoka, bali hapo ndipo huongezeka. Mchungaji anayemwambia "ondoka kesho" bila kupanga naye chochote anaweza kuwa amemsukuma kwenye moto.

Kupanga maana yake ni mambo madogo kabisa. Atalala wapi usiku wa leo akilazimika kukimbia? Nani jirani anayeweza kusikia kelele na kuja? Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki na nauli kidogo viwekwe kwenye mfuko nje ya nyumba, kwa mtu anayeaminika. Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani cha polisi, na nani wa kanisani atamsindikiza? Awe mwanamke, na aliyeandaliwa. Mume akija analia kuuliza mkewe amekwenda wapi, jibu la mchungaji ni moja: "Sitasema." Machozi yake yanaweza kuwa ya kweli, lakini toba haipimwi kwa machozi. Inapimwa kwa mtu anayetaja alichofanya bila kuongeza "lakini naye", anayekubali kukaa mbali kwa miezi bila kudai tarehe ya kurudiana, anayeyapokea matokeo ya sheria bila kumtuma mama yake akambembeleze mke afute kesi.

Tunajua swali litakaloulizwa: je, tunafundisha talaka? Hatufundishi talaka. Paulo mwenyewe katika 1 Wakorintho 7:10-11 anamwagiza mke asiachane na mumewe, kisha anaitaja hali ya aliyeachana, akimwambia akae asiolewe au apatane naye. Daudi alimheshimu Sauli kama masihi wa Bwana, hakumnyoshea mkono hata alipopata nafasi, lakini mkuki uliporushwa aliepa, na alipoona hakuna usalama alikimbia wala hakurudi ikulu. Kusamehe ni jambo moja, na kurudi kukaa mbele ya mkuki ni jambo jingine. Tena wahubiri wetu wanaipenda Malaki 2:16 mpaka inapofika katikati. Nusu ya kwanza Bwana anachukia kuachana. Nusu ya pili anamchukia anayeifunikiza nguo yake udhalimu, na hiyo nusu ya pili ni nadra kuisikia mimbarini.

Sheria nayo haituachi gizani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inasema vingine. Lipo pia jambo la kiutaratibu linalowaumiza waumini kimyakimya. Kabla ya shauri la talaka kupokelewa mahakamani, ukiacha hali chache zilizotajwa na sheria, mgogoro unapaswa kupita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza litoe hati kwamba limeshindwa kupatanisha. Hati hiyo isiwe imezidi miezi sita siku ya kufungua shauri. Kamati ya kanisa inaweza kuwa Baraza la namna hiyo ikiwa tu Waziri ameitambua, na Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wazee tisa wa usharika waliokaa mara sita na kuandika muhtasari mzuri si Baraza. Mama wa watu anafika mahakamani na barua yenye mhuri wa kanisa, anarudishwa aanze upya. Kila dayosisi iwaeleze wachungaji wake kwa maandishi kama inalo Baraza linalotambuliwa, liko wapi, na kama halipo waumini waelekezwe wapi.

Na kuhusu hao wazee tisa. Watu husema penye wazee hapaharibiki neno, lakini siri huharibika. Kila mzee ana mke, kila mke ana kikundi cha umoja wa wanawake. Zaidi ya hapo, mume anayelalamikiwa mara nyingine ni mmoja wao, au ndiye mfadhili wa bati za kanisa. Kanuni iseme wazi: shauri la unyumba lisipelekwe kwenye baraza lote, na mwenye undugu, deni au cheo kinachomfunga kwa mmoja wa wahusika atoke chumbani kabla halijatajwa.

Sasa chumba chenyewe. Ofisi nyingi za mchungaji ni stoo yenye meza. Hatuombi jengo. Tunaomba mlango wenye kioo au dirisha linaloonekana kutoka nje, ili aliye nje aone lakini asisikie. Viti viwili vya urefu mmoja vikae pembeni mwa meza. Mchungaji akikaa nyuma ya meza, mwenye shida anajiona yuko mahakamani. Pawe na mtu mwingine katika eneo hilo, katibu au mhudumu, kwa muda wote. Na saa ziandikwe kwenye tangazo la kanisa kama zinavyoandikwa za ibada: tuseme Jumanne na Alhamisi, saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Kila mtu apate dakika 50, na watu wasizidi watatu kwa siku. Wa nne atasikilizwa na masikio yaliyochoka. Jambo lisiposogea baada ya vikao sita, ni dalili kwamba linahitaji mtu mwingine, na hapo mchungaji apeleke mbele bila kuona aibu. Wanawake wanaotaka kusikilizwa na mwanamke wampate, naye asiwe mke wa mchungaji kwa sababu tu ni mke wa mchungaji. Afundishwe, au atafutwe aliyefundishwa.

Ndani ya dakika hizo 50 kosa kubwa ni kuwahi. Mithali 18:13 inaita kujibu kabla ya kusikia upumbavu na aibu, lakini sisi tumejengwa kuhubiri, na mhubiri akipewa sekunde tano za kimya anazijaza na mstari. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza walipokaa chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Katika kikao cha kwanza, dakika 35 za mwanzo ziwe za kuuliza na kunyamaza. Lilianza lini? Nani mwingine anajua? Umeshajaribu nini? Unatamani nini kibadilike kwanza? Andiko liwe moja, mwishoni, tena lile ambalo mtu huyu anaweza kulibeba nyumbani. Mchungaji akishamwaga mistari minane, aliyekuja anaondoka anakumbuka kwamba alikosea, wala hakumbuki Mungu alisema nini. Maombi nayo yasiwe njia ya kufunga mazungumzo yaliyofika pagumu.

Wala maombi yasiwe njia ya kutangaza. "Tumwombee dada yetu mmoja wa kwaya ambaye nyumba yake inapita kwenye jaribu," Jumatano, mbele ya watu arobaini: hayo ni masengenyo yaliyofumba macho. Sawa na mfano wa mahubiri uliobadilishwa jina. Katika mtaa wenye familia sitini, ukisema "kuna kijana mmoja fundi alinijia", umeshamtaja. Tunaomba katazo kamili: kilichosemwa chumba cha ushauri kisipande mimbarini, hata kwa jina la kubuni, hata kama kimetokea usharika wa zamani.

Mimbari ina kazi yake katika haya, na ni kubwa. Usharika usiowahi kusikia mahubiri juu ya Tamari, binti Daudi aliyebakwa na Amnoni, kaka yake kwa baba, 2 Samweli 13, unafundishwa kwamba mambo ya namna hiyo hayasemwi kwa Mungu. Someni mstari wa 21: Daudi alikasirika sana. Basi. Hakuna alilofanya. Miaka miwili baadaye Absalomu akamwua Amnoni, na nyumba ikaporomoka. Lakini mahubiri hayo yana masharti. Yapangwe kwenye kalenda miezi kabla, yatangazwe mapema, ili pasiwepo mume atakayerudi nyumbani na kusema "ulikwenda kunisema kwa mchungaji". Mhubiri aliyetembelewa Ijumaa na mke aliyepigwa asigeuze somo Jumapili. Baada ya mahubiri kama hayo watu hujitokeza, baadhi wakiwa na mambo ya miaka ishirini; kwa hiyo wiki mbili zinazofuata saa za ushauri ziongezwe na kamati zipunguzwe. Vyuo vya Biblia vifundishe hivyo, homiletiki, yaani elimu ya kuhubiri, na ushauri katika darasa moja, badala ya walimu wawili wasiozungumza.

Tukifika kwa watoto wanaofanyiwa ukatili wa kingono, hatutaremba. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Mchungaji ni mwanajamii. Kikao cha familia mbili kinachoishia kwa mbuzi au fedha, mchungaji akiwa shahidi, si usuluhishi, na hatujui jina jingine la kukiita ila kuficha. Mtoto akieleza, asikilizwe mara moja, asiulizwe maswali ya kumwongoza, asirudishwe kusimulia mbele ya kila mzee. Asiogeshwe. Nguo alizokuwa amevaa ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaotunza unyevu na kuharibu ushahidi. Afike hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, inapatikana polisi. Palipo na kituo cha mkono kwa mkono huduma zote ziko pamoja. Namba 116 ya simu ya watoto ibandikwe kwenye mlango wa darasa la Shule ya Jumapili. Mtuhumiwa akiwa mtumishi wa kanisa, aondolewe kwenye kazi ya watoto siku hiyohiyo huku uchunguzi ukiendelea. Asihamishwe. Baba Askofu, uhamisho kwenda usharika wa mbali ni kumpelekea watoto wengine.

Mtu anayetaka kufa aulizwe kwa maneno hayohayo: "Unafikiria kujiua?" Swali halimpandikizi wazo. Mara nyingi linampa nafuu ya kusema, hasa hapa ambapo kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu na watu huficha. Akisema ndiyo: kwa njia gani, lini, na hicho kitu kiko wapi sasa? Dawa ya kuulia wadudu iliyoko stoo iondolewe na ndugu leo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Kumwelekeza hospitali ya Mirembe au Muhimbili si kukosa imani. Eliya alipoomba afe, malaika alimlisha, akalala, akalishwa tena, swali la "Unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye sana.

Na dawa. Asiwepo mtumishi wa kumwamuru mgonjwa aache dawa madhabahuni. Mwenye kifafa anayetumia fenobabitali akiiacha ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika, na lile linaua. Wa VVU akiacha ARV, virusi vinarudi na vinaweza kuwa sugu. Aliyepona atathibitishwa na waliompa dawa.

Mafundisho ya ndoa tuyaseme kwa kifupi ingawa yana mengi. Sheria inataka taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla, nasi tumezoea kubana mafundisho yote ndani ya majuma yale matatu ya matangazo, kadi zikiwa zimeshagawiwa na ukumbi umeshalipiwa. Hakuna mchumba atakayesema "nimegundua hanifai" kamati ikiwa imeshakusanya michango. Mafundisho yaanze miezi mitatu kabla ya tangazo la kwanza, vikao sita vya saa moja na nusu: madeni, mahari iliyobaki, watoto wa nje, wakwe, kazi na mahali pa kuishi, hasira na namna kila mmoja alivyoona wazazi wake wakigombana. Cheti cha kuzaliwa kionekane. Mahakama ya Rufani ilikwishasema Oktoba 2019 kwamba vifungu vinavyomruhusu binti wa miaka 15 kuolewa vinapingana na Katiba. Majibu ya VVU yasiletwe mezani kwa mchungaji. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na inalinda usiri wa majibu. Wachumba washauriwe kwenda pamoja na kupokea pamoja, kisha wamweleze mchungaji wanachotaka kumweleza. Waambiwe pia juu ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo: wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa.

Limebaki daftari. Mchungaji anayesikiliza watu ishirini kwa mwezi lazima aandike, la sivyo atachanganya ndoa ya huyu na ya yule. Aandike nusu ukurasa: tarehe, herufi za kwanza za jina, jambo kwa sentensi mbili, walichokubaliana, siku ya kukutana tena. Asiandike maungamo. Hatari ikiwepo, aandike maneno ya mhusika kama yalivyosemwa. Yakae kwenye kabati lenye kufuli, wala yasikae kwenye simu inayochezewa na watoto. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kanisa linalotunza habari za watu hovyo linaweza kuulizwa.

Sasa hivi mchungaji akihamishwa, madaftari hayo yanasafiri naye kwenye boksi la vyombo, au yanabaki kwenye droo na mgeni anayasoma kabla hajafungua mizigo. Basi barua za uhamisho zitakapoandaliwa safari hii, ongezeni kipengele kimoja. Mchungaji anayeondoka apewe majuma mawili ya kuwaona wale anaoendelea kuwashauri na kumwuliza kila mmoja: habari zako nimkabidhi anayekuja, au nizichome? Zinazokabidhiwa zipitie mkono kwa mkono mbele ya mkuu wa jimbo, kwenye bahasha iliyofungwa. Nyingine zichomwe mhusika mwenyewe akiona. Ufunguo wa kabati uwe mmoja, na asiukabidhi kwa mhasibu.

Ni sisi watumishi wenzenu,
Wachungaji na wakufunzi wa ushauri wa kichungaji